Babu na maganda mawili ya risasi

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Itigi, nikakuta kibaraza cha babu kitupu. Hakuwa babu yangu wa damu. Ni mzee jirani, askari wa wanyamapori mstaafu, lakini kila likizo shikamoo yangu ya kwanza ilikuwa kwake. Karibu yote ninayoyajua kuhusu bunduki alinifundisha yeye, bila bunduki.

Alikuwa na maganda mawili matupu ya risasi. Moja la 404, alilotunzia ugoro. Jingine la 458. Anayasimamisha kwenye mkeka, ananiambia, "Haya mjukuu, lipi lina kasoro?"

404 ni ya Jeffery wa London, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Ndiyo waliyogawiwa askari wa idara za wanyama za Kenya na Tanganyika. Ganda lake lina urefu wa milimita 73, baruti inakaa kwa nafasi. Hilo ni jambo kubwa kwenye joto letu, maana baruti za zamani zilipopata joto presha ilipanda, na ganda lililofyatuliwa liliweza kung'ang'ania ndani ya bunduki.

458 ilitolewa na Winchester wa Marekani mwaka 1956. Walitaka iingie kwenye bunduki za urefu wa kawaida, wakalifupisha ganda hadi milimita 63 na kitu. Kichwa ni kizito zaidi, nyumba ya baruti ndogo. Baruti ikashindiliwa, na ikikaa muda mrefu iliweza kugandamana.

Niliwahi kumuuliza kama alipiga tembo wa mbali, kama tunavyosoma habari za Bell kule Karamoja. Akacheka sana. "Mbali? Kwenye kichaka cha Itigi mbali ni hatua kumi na tano." Waliokipita wanajua: miti mifupi, imesongamana, mnyama unamsikia kabla ya kumwona.

Humo ndimo alimofia mwenzake. Walikuwa wanamfuata tembo aliyemaliza mashamba ya watu. Risasi ilikuwa imekaa stoo miaka. Ikalia kidogo tu, kama mlango. Babu hakuwahi kunisimulia zaidi ya hapo, nami sikumchimba, ingawa ndiyo kazi yangu.

Baada ya hapo, kila alipopewa boksi jipya alipiga risasi moja kwenye gogo kabla ya kuingia porini. Kila risasi ilitakiwa kuandikiwa maelezo. Basi akawa anaandika "imepotea", anakatwa mshahara, mwezi unaofuata anarudia.

Dawa yake ya 458 ilikuwa nyepesi: "Wangeirefusha tu, kidole kimoja." Nikamwona mzee anajisemea. Miaka baadaye nikasoma kuhusu Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa na mbogo Msumbiji mwaka 1959 akiwa na 458 hiyo hiyo. Mwaka 1971 akatengeneza ya kwake, 458 Lott. Ganda milimita 71. Limerefushwa, basi. Lott ana risasi yenye jina lake. Babu ana barua za onyo, familia wamezitunza kwenye sanduku la bati.

Nilimwahidi kumsomea habari ya Lott. Nikachelewa.

Ganda la 404 nimelikuta, bado lina ugoro. La 458 wajukuu wamelichezea, halionekani.