Nguo, kichezeo na kitabu: Nairobi ilivyomnunulia mtoto kwa zaidi ya karne moja

Mkazi wa mtaa wa Jamhuri, Nairobi, anayetaka kumvisha mtoto hana haja ya kufika katikati ya jiji. Anashika Ngong Road hadi Adams Arcade, anakata kuelekea Kibera, na kabla hajafika Makina amekwisha kuzama ndani ya soko la Toi. Jumamosi asubuhi, muuzaji wa nguo za watoto anakata kamba za robota la mitumba na kuanza kuchambua. Zilizo safi, zisizo na doa wala uzi uliochomoka, wenyewe wanaziita kamera. Hizo hutundikwa kwenye hanga mbele ya kibanda. Za wastani hukunjwa mezani. Zinazobaki, yaani fagia, hurundikwa juu ya turubai, na mwenye sauti kubwa huanza kuita: “Mia mia! Chagua, mama, ni mia mia!”

Mnunuzi naye ana ujuzi wake. Anavuta lastiki, anakagua magoti ya suruali, anapandisha na kushusha zipu mara mbili tatu. Mtoto akiwepo, kiuno cha suruali huzungushwa shingoni mwake. Ncha zikikutana kwenye kisogo, itamtosha, na hakuna haja ya kumvua mtu nguo sokoni.

Wingi huu ni jambo la juzi tu katika historia ya jiji. Ukifuatilia njia ambazo nguo, kichezeo na kitabu vilipitia hadi kumfikia mtoto wa Nairobi, unaona kwamba kila kimoja kilifunguliwa au kufungiwa njia na maamuzi ya wakubwa. Nguo imemfikia karibu kila mtoto. Kichezeo kimefuata. Kitabu cha hadithi bado kiko nyuma sana.

Jiji lisilomtarajia mtoto

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na maduka yakaifuata. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga Bazaar yao, ikachomwa moto kwa amri ya wakuu mwaka 1902 baada ya tauni kuzuka, kisha ikajengwa upya. Mtaa wa Bazaar ndio tunaouita leo Biashara Street. Hapo kitambaa kilipimwa kwa yadi na kukatwa kwa mkasi mkubwa, na fundi mwenye cherehani yake barazani akashona. Walowezi walikuwa na maduka yao upande wa Delamere Avenue, sasa Kenyatta Avenue, yaliyouza bidhaa zilizotoka Uingereza kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa garimoshi.

Mtoto Mwafrika hakuwa katika hesabu. Serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika wa Nairobi kama kibarua wa kupita, mwenye kipande cha utambulisho shingoni, aliyepaswa kurudi mashambani kazi ikiisha. Mshahara wake ulikadiriwa kumtosha mwanamume mmoja asiye na familia, na nyumba nyingi zilikuwa vyumba vya kulala wanaume. Mitaa ya familia kama Kaloleni ilikuja kujengwa miaka ya 1940. Kabla ya hapo, baba aliyetaka kumnunulia mwanawe kaptura aliinunua peke yake, kwa kukisia, akaipeleka kijijini siku ya likizo.

Kwa upande wa magharibi, Adams Arcade ilijengwa miaka ya 1950 na kupewa jina la mfanyabiashara Abdul Habib Adam. Ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya maduka nje ya katikati ya jiji, na wateja wake wa mwanzo walitoka katika mitaa ya Wazungu kama Woodley. Kibera, makazi ya askari Wanubi na vizazi vyao, ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka hapo, lakini watoto wa pande hizo mbili hawakuvalishwa na duka moja.

Nguo za Krismasi

Baada ya Uhuru, familia zilikuja mjini, na ununuzi ukapata kalenda yake. Nguo mpya ilikuwa ya Krismasi. Mzazi alinunua jora au nusu jora Biashara Street, akampelekea fundi, na ndugu wote wakatoka kanisani siku ya sikukuu wamevaa kitambaa kimoja: wasichana gauni, wavulana shati. Fundi aliagizwa aache upindo mpana ili nguo ikue pamoja na mtoto. Kilichomwacha mkubwa kikashuka kwa mdogo, na kwa mdogo wake tena.

Januari ilikuwa ya sare na viatu. Kampuni ya Bata ilikuwa imeanza kutengeneza viatu Limuru tangu enzi za ukoloni, na viatu vyake vyeusi vya ngozi vya Toughees vikawa sehemu ya shule yenyewe. Aliyeshindwa na bei hiyo alivaa Sandak za plastiki, ambazo zilichoma miguu juani lakini zilivumilia matope. Mtoto aliyeitwa shule ya bweni alihitaji sanduku la bati, na sanduku lilitoka Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali waliolikunja kwa nyundo na kulipaka rangi mbele ya mteja.

Biashara Street imebaki na kazi yake. Hadi leo mama anayekaribia kujifungua huelekezwa huko kutafuta shali, beseni, kofia na nepi, maduka yakiwa yamepangana bega kwa bega.

Vya kuchezea vya kujitengenezea

Kwa muda mrefu kichezeo hakikununuliwa. Mvulana wa Kibera au Kawangware aliunda gari kwa waya, magurudumu yakiwa vifuniko vya mkebe wa mafuta ya Kimbo au vipande vya ndala, na usukani mrefu uliomwezesha kuliendesha akiwa amesimama. Mpira ulikuwa makaratasi ya plastiki yaliyofungwa kwa kamba hadi yakawa duara gumu. Wasichana walishona wanasesere wa vitambaa na kucheza kalongolongo, yaani mchezo wa nyumba, kwa vikombe vya mabati. Kazi hiyo ilihitaji ustadi wa kweli, na wengi walioshika koleo wakiwa na miaka minane walijifunza ufundi kabla ya kufika karakana yoyote.

Cha kununua kilipatikana siku ya Sho. Uwanja wa maonyesho ya kilimo ulio jirani na mtaa wa Jamhuri uliitwa zamani Mitchell Park, kwa jina la Gavana Philip Mitchell aliyetawala Kenya kuanzia 1944 hadi 1952. Baadaye ukawa Jamhuri Park. Shule zilileta wanafunzi kwa mabasi kuona ng’ombe wa gredi na matrekta, lakini mtoto alirudi nyumbani akikumbuka zaidi puto, filimbi na miwani ya plastiki aliyoinunua karibu na lango.

Biashara ilipolegezwa masharti miaka ya 1990, plastiki kutoka Asia ilijaa Eastleigh na barabara zilizo chini ya Tom Mboya Street. Sarit Centre, iliyofunguliwa Westlands mwaka 1983, ilikuwa tayari imewazoesha wakazi kununua chini ya paa moja, na The Junction ikafuata kwenye Ngong Road mwaka 2004. Gari dogo la plastiki likawa la bei ya nauli.

Mlango wa mitumba

Mageuzi hayohayo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndiyo yaliyoleta mitumba kwa wingi. Kabla yake, Serikali ilikuwa inalinda viwanda vya nguo vya nchini. Mlango ulipofunguliwa, mama wa kipato cha chini aliweza kwa mara ya kwanza kumbadilishia mtoto nguo kila siku ya wiki, na maelfu ya watu wakapata riziki Gikomba na Toi. Gharama yake nayo ilikuwa kubwa: Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret, zilizokuwa pia zikibanwa na matatizo mengine, zilifunga, ingawa Rivatex ilifufuliwa baadaye chini ya Chuo Kikuu cha Moi.

Toi yenyewe imelipia mahali pake. Iliteketezwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na moto ukairudia tena, ukiwemo ule wa Agosti 2024 uliochukua maisha ya watu. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, Serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa. Kila mara wauzaji walirudi, wakasimamisha mabati na kutundika tena nguo za watoto mbele.

Kitabu kilichoachwa nyuma

Kitabu kilianza vibaya kuliko vyote. Maktaba ya McMillan, yenye sanamu za simba mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931 na kubaki ya Wazungu peke yao hadi 1958. East African Literature Bureau ilianzishwa 1948, East African Publishing House ikafuata 1965, na watoto wakaanza kusoma kuhusu watoto wenzao. Vituko vya Moses, mvulana wa shule aliyebuniwa na Barbara Kimenye, vilipita mkono hadi mkono hadi majalada yakang’oka. Text Book Centre ilifungua milango 1964 na kuwa duka ambalo kila mzazi wa Nairobi alilijua Januari.

Lakini neno ni hilo, Januari. Kitabu kilinunuliwa kwa sababu mwalimu ameandika orodha. Mfumo wa 8-4-4 ulipokuja 1985, orodha ikabadilika. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliingia darasani, na vitabu vya kiada vikawa jukumu la Serikali, ambayo kuanzia 2018 ilivinunua moja kwa moja kwa wachapishaji. Hatua hiyo ilileta haki kubwa kwa watoto, ingawa iliyumbisha maduka ya vitabu. Kitabu cha hadithi hakikuwa na mwenyewe. Sheria ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya 2013 ilikiongezea asilimia 16, kana kwamba ni anasa.

Mzazi mwenye kiu ya vitabu hujisaidia kwa inama, vile vitabu vya mtumba vinavyotandazwa kando ya barabara mjini. Vingi ni vizuri, lakini vinasimulia theluji na bustani za Uingereza. Mvulana wa gari la waya ni nadra kumkuta humo.

Hatua nzuri zimeanza. Book Bunk, iliyoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, imezikarabati maktaba za Kaloleni na Makadara kwa ajili ya wakazi wa Eastlands, na Maktaba ya Taifa ina tawi Kibera, mwendo wa miguu kutoka Toi. Hizo ni chache mno kwa jiji la mamilioni ya watu.

Nguo ilimfikia mtoto wa kila mtaa pale sera ilipobadilika. Kitabu kinahitaji maamuzi ya aina hiyohiyo: Bunge liondoe VAT kwenye vitabu vya watoto, na City Hall itenge katika kila bajeti fedha za chumba cha kusomea karibu na kila soko kubwa, chenye hadithi za Kiswahili na za lugha zetu. Mama anayekuja Toi na mtoto tayari amethibitisha kwamba akipewa bei anayoiweza, hununua kilicho bora.