Kijivu cha Trei ya Mayai

Chukua trei ya mayai hapo jikoni uitazame vizuri. Ile rangi ya kijivu mara nyingi ni wino. Magazeti na makaratasi ya zamani yamelowekwa, yakasagwa, na maandishi yake yamebaki humo humo, ila sasa huwezi kuyasoma.

Rangi hiyo ina historia ndefu. Japani, karne ya 9, mfalme Seiwa alipofariki, mmoja wa wake zake, Fujiwara no Tamiko, alikusanya barua za mumewe akaagiza zigeuzwe karatasi mpya. Juu ya karatasi hiyo yakanakiliwa maandiko ya Kibuddha kwa ajili ya marehemu. Karatasi za namna hii zilitoka za kijivu, na Wajapani wakaziita usuzumigami, yaani karatasi ya wino mwepesi.

Ulaya nako mambo yalikuwa tofauti. Huko karatasi ilitengenezwa kwa matambara, na kadiri vitabu na magazeti yalivyoongezeka, matambara yakawa adimu. Wakatamani kutumia karatasi kuukuu, lakini walitaka itoke nyeupe. Mwaka 1774 Justus Claproth, mwanasheria wa Göttingen, Ujerumani, alichapisha njia ya kuosha wino. Mwaka 1800 Matthias Koops akapata hataza ya kazi hiyo hiyo jijini London na kuanzisha biashara. Haikudumu, alifilisika baada ya miaka michache.

Halafu mwaka 1844 Mjerumani mwingine, Friedrich Gottlob Keller, akabuni mashine ya kusaga mbao kuwa rojo la karatasi. Miti ilikuwa tele, bei ya karatasi ikashuka, na haja ya kuhifadhi karatasi kuukuu ikapungua. Kwa hiyo hii tabia yetu ya kutupa boksi bila kufikiri mara mbili ni ngeni kabisa. Kwa karne nyingi karatasi ilikuwa mali.

Sasa tuje kwako. Boksi ulilonalo nyumbani limejaa nyuzi za selulosi. Bandua selotepu, chanachana vipande vidogo, loweka usiku kucha, kisha saga kwa maji mengi. Mimina kwenye chekecheo bapa la wavu, kamua kwa kitambaa, anika. Hauhitaji gundi, kwani nyuzi hushikana zenyewe zikikauka. Lakini boksi lililolowa mafuta ya chipsi liache, maana mafuta huzuia nyuzi kushikana. Na ujue kila mzunguko hufupisha nyuzi, ndiyo maana karatasi haiwezi kurudiwa milele.

Ukianua, utakuta karatasi ngumu, ya kahawia au kijivu. Usihangaike kuitia dawa ya kung'arisha. Claproth na Koops walipigania weupe kwa sababu walishindana na karatasi ya dukani. Wewe hushindani na mtu. Iandikie barua.