Deni la Mashua

Wenzangu wengi walipostaafu walinunua ng'ombe au walijenga vyumba vya kupangisha. Mimi nilinunua mashua. Niliposhika kiinua mgongo changu, baada ya miaka mingi ya kufundisha na kuongoza shule, nilikwenda Makoko, hapa hapa Musoma, nikamkuta bwana mmoja anauza mashua ya tanga iliyokwisha tumika. Mbao zake zilikuwa za mvule, na tanga lake lilijaa viraka. Tuliandikiana hati mbele ya mashahidi, nikalipa fedha zote taslimu. Majirani zangu wa Nyakato walicheka sana.

Mwanzo ulikuwa wa raha. Kijana niliyemwajiri kuwa nahodha alinifundisha jambo ambalo vitabu vya jiografia nilivyosomesha vililitaja kwa mistari miwili tu: usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na alasiri hugeuka ukavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Basi tuliondoka kabla ya alfajiri kwenda kisiwa cha Rukuba, tukala samaki huko, na jioni upepo ukaturudisha nyumbani. Mashua ilivuja, nami niliyezoea kuamuru wengine nilikaa chini nikifua maji kwa kopo.

Mwezi wa pili, mama mmoja mjane alibisha hodi kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nimesikia umenunua mashua. Aliyekuuzia ni shemeji yangu. Mbao zile alinunua marehemu mume wangu, na nusu yake ni ya watoto wangu. Hatukupewa hata senti."

Nilimwonyesha hati yangu. Aliitazama, akanirudishia kwa mikono miwili, akaaga. Nilijiona nimeshinda, lakini usiku ule sikupata usingizi. Nilikumbuka somo la historia nililolifundisha kila mwaka bila kulielewa.

Mwaka 1875 Henry Stanley alizunguka ziwa letu katika mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani. Kutoka Buganda aliandika barua ya kuwaita wamisionari, na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza kikaitikia. Wao pia walileta mashua kwa vipande, iitwayo Daisy. Lakini chombo kimoja hakikutosha. Kisiwani Ukerewe, ng'ambo ya rasi yetu ya Majita, walimkuta Songoro, mfanyabiashara kutoka pwani, akiwa na jahazi. Wakalinunua.

Mtawala wa Ukerewe alikuwa Lukonge, naye alikuwa na madai yake juu ya Songoro. Masimulizi hayakubaliani kuhusu kila jambo, ila yanataja deni la mbao za jahazi lile, zilizokatwa katika nchi yake. Desemba 1877 ugomvi ulilipuka. Songoro alikimbilia kwa wamisionari, Luteni Shergold Smith na Thomas O'Neill, nao wakakataa kumtoa. Wote watatu waliuawa pamoja na wengi wa watu wao.

Darasani nilikuwa nikilifupisha jambo hili hivi: wageni wema, mfalme mkatili. Wanafunzi waliandika, wakapata alama zao. Sisemi sasa kwamba kuua ni haki. Damu ya watu hailipi deni la mbao. Lakini katika miaka yote ile sikuwahi kuuliza swali moja jepesi: Je, aliyeuza alikuwa amemaliza kulipa? Wageni walimtazama muuzaji na chombo. Hawakumtazama vya kutosha mwenye msitu. Na mimi, mwalimu wa historia, nilifanya vivyo hivyo Makoko.

Mwaka uliofuata, 1878, Alexander Mackay alifika ziwani. Alivuka hadi Ukerewe, akaonana na Lukonge, akarudi salama. Kisha akaikarabati Daisy, ambayo sasa ilikuwa chombo kikuukuu. Akiwa safarini kwenda Buganda dhoruba iliivunja kwenye pwani ya magharibi. Yeye na wenzake walikata kipande cha futi 8 katikati yake, wakaunganisha omo na tezi, wakaendelea na safari katika mashua iliyofupika. Mwezi Novemba walifika Buganda.

Asubuhi nilimfuata yule mama. Tulikaa na wazee wa mtaa, na shemeji yake akaitwa. Alikiri, lakini fedha alikwisha zitumia. Hapo ndipo nilipokata changu: nilitoa katika akiba yangu thamani ya nusu ya mashua, nikampa mama yule, na shemeji akaandikishwa kunilipa kidogo kidogo. Amelipa sehemu tu, na sehemu nyingine haitarudi. Mke wangu aliniambia kwamba nimenunua mashua moja mara moja na nusu. Alisema kweli.

Niliitumia miaka sita, kisha magoti yakakataa. Siku ya kuiuza nilimwita mama yule na wanawe wawe mashahidi. Mnunuzi alishangaa kuona watu wengi hivyo kwa chombo kidogo kiasi kile, akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, anunue bila wasiwasi, maana chombo hiki hakina deni. Kisha nikamwonyesha mahali kinapovuja.