Rangi za Jani na Nguvu ya Msukumo

Jani la mti laonekana kuwa na rangi moja tu, ya kijani. Lakini sivyo lilivyo. Katika maandiko yake ya mwaka 1906, Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea wa Urusi aliyefanya kazi Warsaw, alieleza jinsi alivyoshindilia unga wa chaki katika mrija wa kioo, akatia juu yake rangi zilizokamuliwa katika majani, kisha akamimina kimiminiko safi. Rangi zikashuka, kila moja kwa mwendo wake, zikapangana kama pete, nyingine kijani, nyingine manjano. Sababu ni hii: kishikamanacho sana na unga hukawia, kishikamanacho kidogo hutangulia. Njia hiyo akaiita kromatografia. Alikufa mwaka 1919, na waliomsikiliza walikuwa wachache.

Mwaka 1941 Waingereza wawili, Martin na Synge, waliandika kwamba punje za unga zikiwa ndogo sana, vitu vitatengana vizuri zaidi. Ila kimiminiko kitataka kusukumwa kwa nguvu nyingi. Achujaye maji kwa mchanga ayajua hayo: mchanga ukiwa laini, maji hupita kwa shida. Upana wa punje ukipunguzwa nusu, nguvu itakiwayo kwa mwendo ule ule huwa mara nne.

Neno hilo lilingoja pampu. Katika miaka ya 1960 Csaba Horváth, mzaliwa wa Hungaria, aliunda mtambo wa namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mwaka 2004 ikatokea mitambo isukumayo kwa nguvu ipatayo mara 1,000 kuliko hewa itulemeavyo, na punje zake hazifikii upana wa sehemu mbili za elfu za milimita.

Basi tusidhani kwamba nguvu ndiyo itengayo. Zitengazo ni punje: zikiwa ndogo, kila kitu huingia na kutoka upesi, wala pete hazitawanyiki. Nguvu ni mtumishi tu, hupitisha kimiminiko mahali ambapo kisingepita chenyewe.

Na faida yake yatufikia sisi sote. Kwa mitambo hiyo hupimwa vidonge vya malaria, vijulikane kama vina dawa kwa kipimo kipasacho au ni vya uongo. Hupimwa na mahindi, kama yana sumu ya kuvu. Mtoto mwenye homa hawezi kutambua kidonge cha kweli kwa macho. Tswett alitafuta rangi za jani tu, lakini kazi yake sasa yalinda uhai wa watu.