Nani Alibeba Maji? Nyumba Zetu za Zamani na Haki ya Mwanamke



Wanaokuja kwetu kupimwa nguo za harusi huanza na lesi na urefu wa mkono, lakini kabla hatujakunja futi, mazungumzo yameshafika kwenye nyumba. "Tunajenga." "Kiwanja kipo, tumetolewa na baba mkwe." "Mabati nimenunua mimi, fundi analipa yeye." Tunafurahi nao na tunawaombea kheri. Kisha tunawauliza swali ambalo wengine huliona la ajabu: nani anajua kuwa mabati ni yako?

Leo tunataka kueleza kwa nini tunauliza. Tuanze mbali kidogo.

Vyumba vya Madina

Mtume wetu (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622 hakukuta nyumba inayomngoja. Alipokewa na kukaa kwa Abu Ayyub al-Ansari. Mahali palipochaguliwa kujengwa msikiti palikuwa uwanja wa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kuutoa bure, lakini Mtume hakukubali mpaka ulipiwe.

Ndipo kazi ikaanza. Kuta zikawa za matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende, na paa la makuti yake. Mtume mwenyewe alibeba matofali pamoja na masahaba zake. Ammar bin Yasir anakumbukwa mpaka leo kwa kuwa alibeba mawili pale wenzake walipobeba moja moja. Ubavuni mwa msikiti vikajengwa vyumba vya wakeze, vya mwanzo vikiwa cha Bi Sauda na cha Bi Aisha. Vilikuwa vidogo na paa zake fupi.

Kwa hiyo anayejenga kwa msaada wa marafiki asione haya, maana kaifuata njia nzuri. Ila tusisahau na hili: kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, haki ya mwenye kiwanja ililipwa.

Siku ya kukandika

Kwetu visiwani nyumba ya shamba ilikuwa ya miti na udongo. Huchimbwa mashimo, husimamishwa nguzo, kisha fito hufungwa kwa kulala na kwa kusimama mpaka ukuta ukawa kama kimia. Ndani yake hujazwa vijiwe, halafu watu hualikwa siku ya kukandika.

Bibi yetu alikuwa mtu wa pwani ya kusini Unguja, na siku hiyo akituhadithia kama anavyohadithia harusi. Wanaume hukanyaga udongo. Wanawake huteka maji kisimani tangu alfajiri, maana udongo bila maji haukandiki. Jikoni kuna mihogo, kuna wali, kuna samaki aliyeletwa na jirani. Hapana anayelipwa. Leo kwako, kesho kwangu.

Tukihesabu vizuri, kazi ya mwanamke ilianza zamani kabla ya siku hiyo. Kamba za kufungia fito zilitokana na makumbi ya nazi, yanayofukiwa kwenye tope la pwani miezi na miezi mpaka yakaiva, kisha wanawake wakayafukua, wakayapiga na kusokota. Makuti ya paa nayo ni mikono yao iliyosuka. Lakini nyumba ikimalizika, ikiitwa nyumba ya fulani, na huyo fulani ni mwanamme. Haikuwa dhulma iliyokusudiwa. Ndivyo watu walivyozoea kusema.

Ng'ambo, nyumba yako kwenye ardhi ya mwengine

Mjini mambo yalikuwa na sura nyengine. Utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897, na masuria nao kupata uhuru wao mwaka 1909, watu wengi walihamia upande wa pili wa hori, ng'ambo ya Mji Mkongwe. Pale Darajani palikuwa na daraja kweli, ndiyo asili ya jina. Huko Ng'ambo wanawake wengi walijijengea nyumba zao wenyewe, wakakaa, wakapangisha vyumba. Kwa mwanamke ambaye jana hakumiliki hata nafsi yake, mlango wenye ufunguo wake ulikuwa jambo kubwa sana.

Tatizo lilikuwa chini ya nyumba. Kuta zilikuwa za aliyejenga, ardhi ilikuwa ya mwengine, au wakfu. Wenye ardhi walipozidisha kodi ya viwanja, watu walielemewa, na mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kuilipa, wanawake wakiwa mbele pia. Wao walijua walichokijenga. Lakini kujua peke yake hakukuwatosha.

Nyumba ya mama yetu

Sasa turudi kwetu, maana haya tumeyaona kwa macho.

Wazazi wetu walijenga miaka ya 1980, chumba baada ya chumba. Baba alipasua mawe na kualika rafiki zake kusimamisha kuta. Mama alikuwa akisuka makuti na kuuza kamba, na akicheza mchezo wa pesa na mashoga zake. Zamu yake ilipofika alinunua mabati. Zamu nyengine, milango. Haikuandikwa popote. Nani anamuandikisha mumewe?

Baba alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nyumba yote ikahesabiwa kuwa mali yake. Mama akatajiwa thumuni, fungu la mjane mwenye watoto. Thumuni ni hukumu ya Mwenyezi Mungu na hatuna neno juu yake. Lakini kinachorithiwa ni mali ya marehemu. Mabati na milango ya mama havikuwa vya marehemu. Mama alinyamaza. Alisema hataki kugombana juu ya kaburi bichi.

Waliosema ni marafiki. Fundi mzee aliyeezeka paa alikuja na fimbo yake, na mashoga wawili wa mama waliokuwa naye kwenye mchezo wakafuatana naye. Wakakaa ukumbini mbele ya sheikh na ndugu, wakaeleza mabati yalinunuliwa mwaka gani, kwa zamu ya nani, nani aliyabeba kutoka mjini. Mwanamme mmoja na wanawake wawili. Ushahidi ulitimia. Haki ya mama ikatolewa kwanza, kisha mirathi ikagawiwa, na hapana aliyetoka amenuna.

Sisi tulikuwa tukikata shanga mlangoni tukisikiliza. Tangu siku ile tunajua kuwa rafiki aliyekubebea tofali amekubebea na ukweli wako.

Kwa bibi harusi wa leo

Lakini marafiki nao hufa, na fundi husahau. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Kuandika si kumdhania mume vibaya. Ni kumpunguzia mzigo yeye na wanawe siku ambayo hatakuwepo.

Kwa hiyo, dada, kabla ya kupeleka mchanga uliza kiwanja ni cha nani, na kama kimetolewa na wakwe, kitolewe kwa maandishi na sheha ajue. Mnunue pamoja, lakini risiti zako ziweke pamoja na mahari yako, kwani mali ya mwanamke wa Kiislamu ni yake. Ukiamua kumpa mumeo zawadi, mpe kwa moyo safi na useme ni zawadi. Ukiamua kuwa ni hisa yako, semeni mapema, nyote mkiwa mnacheka, si wakati wa msiba.

Na alikeni watu. Hata kama nyumba ni ya matofali ya saruji na fundi analipwa, pikeni chai na mihogo, waite mashoga waje hata kuteka ndoo moja ya maji. Nyumba iliyojengwa mbele ya watu ina mashahidi wengi.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu ziwe za utulivu na mapenzi. Amin.