Dodoma: Mji Uliokuzwa na Wageni wa Msimu

Dodoma iko katika uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya Wagogo. Haina bahari wala mto usiokauka. Mvua zake haba hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha kiangazi hutawala hadi mwisho wa mwaka. Hata hivyo, historia yake ina undugu wa karibu na ile ya miji ya mapumziko ya pwani kama Malindi, Kenya. Watalii huijaza Malindi kwa majira, kisha huondoka na kuiacha ikisubiri majira mengine. Dodoma nayo kwa zaidi ya karne moja ililelewa na watu wa kuja na kuondoka.

Wageni wa kwanza kuacha alama kubwa walikuwa watu wa misafara. Katika karne ya 19 njia kuu ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ilikatiza Ugogo. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, na Henry Stanley mwaka 1871. Msafara uliovuka nyika kavu ya Marenga Mkali ulifika Ugogo ukiwa na kiu na njaa, na wenyeji ndio waliokuwa na visima, mtama na mifugo. Watemi wa Wagogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, nao wafanyabiashara walilipa kwa nguo, shanga na nyaya. Msafara ulipoondoka, vijiji vilirudi kwenye kilimo na ufugaji.

Mji wenyewe ulizaliwa na reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo maboma yao makubwa katika eneo hili yalikuwa Mpwapwa na Kilimatinde, lakini stesheni iliivuta Dodoma mbele. Vita Kuu ya Kwanza ikaleta maafa: majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na ukame ulipofuata, njaa iliyoitwa Mtunya iliua watu wengi wa Ugogo kati ya 1917 na 1920.

Baada ya vita, chini ya Waingereza, Dodoma ikawa makao makuu ya Jimbo la Kati. Barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Kondoa na Arusha ilikutana na reli hapo, hivyo abiria wengi walishuka, wakalala, wakaendelea na safari. Hoteli ya reli, karibu na stesheni, ilijengwa kwa ajili yao. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilipoanza kwenda Afrika Kusini kutoka London, Dodoma ikawa moja ya vituo vyao. Pembeni mwa shughuli hizo, wamisionari wa misheni ya Bihawana walileta mizabibu mwaka 1957. Ukame ulioutesa mtama uliifaa mizabibu, na leo zabibu na mvinyo ni utambulisho wa mkoa.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa mwaka huo huo, na mpango wa ujenzi wa mji ukakamilika mwaka 1976. Lengo lilikuwa kuhama ndani ya miaka kumi. Kupanda kwa bei ya mafuta, vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, na uchumi uliodhoofika viliukwamisha mpango huo. Wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam, na Dodoma ikawa makao makuu kwa jina huku ikiishi kwa mikutano.

Mikutano mikuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, iliujaza mji na kuuacha. Bunge lilipohamia Dodoma mwaka 1996, msimu ukapata ratiba. Mkutano wa bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika Juni, ndio mrefu kuliko yote. Wabunge, maofisa wa wizara, waandishi wa habari na watu wenye shida zao jimboni hufika kwa pamoja. Vyumba vya gesti hujaa, bei hupanda, mama lishe huongeza sufuria na madereva wa teksi hukesha. Kwa miaka mingi, kila Bunge lilipoahirishwa, mapato hayo yalikatika. Wenye nyumba za wageni walijenga vyumba kwa ajili ya miezi michache, lakini wakavitunza mwaka mzima. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, kiliongeza msimu mwingine, wa wanafunzi, wenye likizo zake.

Mabadiliko makubwa yalikuja Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali itahamia Dodoma. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba mwaka huo. CDA, iliyokuwa imelalamikiwa kwa migogoro ya ardhi, ilivunjwa Mei 2017. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, na Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023. Idadi ya watu wa wilaya ya mjini iliongezeka kutoka 410,956 katika sensa ya 2012 hadi 765,179 katika sensa ya 2022. Waliokuwa wakija na mabegi ya wiki mbili sasa walikuja na watoto wa kuandikisha shule.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuunganisha Dar es Salaam na Dodoma kwa takriban saa nne. Urahisi huo ni neema, lakini pia unamwezesha mtumishi kufanya kazi Dodoma na kuiacha familia pwani. Maji nayo bado yanategemea sana visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, vilivyopangiwa mji mdogo zaidi.

Misafara, reli na Bunge vyote viliipa Dodoma wageni. Makao makuu ndiyo yaliyoanza kuipa wakazi. Ni wajibu wa wanaoupanga mji sasa kuhakikisha kwamba maji, viwanja na ajira vinawatosha waliohamia, na vinawafikia kwanza Wagogo, waliowapokea wageni wote hao tangu enzi za misafara.