Kumpima Tabibu kwa Mazungumzo

Mtu akiugua huweka mwili wake, na pengine uhai wake, mikononi mwa mtu asiyemjua. Hamwulizi tabibu alishinda mitihani mingapi, wala hana nafasi ya kuichunguza tabia yake. Humwamini tu, kwa kuwa anajua wapo watu waliomjaribu na kumchagua kabla yake. Kwa hiyo swali la jinsi matabibu wanavyochaguliwa si la matabibu peke yao, bali ni la kila mwenye mwili unaoweza kuugua. Katika insha hii, msomaji, tutatazama sehemu moja ya uchaguzi huo, yaani mahojiano. Mfano wetu mkubwa tutautoa katika historia ya Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu.

Kwanza yatupasa tufahamu desturi yenyewe. Kijana wa Marekani akimaliza chuo cha udaktari hupata shahada, lakini shahada hiyo haimtoshi kutibu watu bila kusimamiwa. Ni lazima aingie hospitalini awe mwanagenzi, atumike chini ya mabingwa, kwa kawaida miaka mitatu au zaidi, mpaka awe hodari katika fani moja, kama vile upasuaji au maradhi ya watoto. Mahali atakapopata uanagenzi huo ndipo njia ya maisha yake inapoanzia. Hospitali nazo huwategemea sana wanagenzi, maana wao ndio wakeshao na wagonjwa usiku. Kila upande unamhitaji mwenzake, na kila upande unaogopa kukosea.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 hapakuwa na utaratibu wa kuwakutanisha. Hospitali zilishindana kuwapata wanafunzi bora. Moja ikichagua mapema, jirani yake ilichagua mapema zaidi. Hata ulipofika mwaka 1944, baadhi ya wanafunzi walikuwa wakipewa nafasi miaka miwili kabla ya kumaliza masomo. Fikiri, msomaji: kijana angali katikati ya safari, na tayari amekwisha kuhukumiwa mwendo wake wote! Mwaka 1945 vyuo viliafikiana kutotoa habari za wanafunzi wao mpaka wafike mwaka wa mwisho. Dawa hiyo iliponya ugonjwa mmoja ikaleta mwingine. Sasa hospitali zilimtaka mwanafunzi ajibu upesi. Aliyeitwa na hospitali asiyoipenda sana alibaki njia panda: akikubali, huenda ile aliyoitamani ikamwita kesho, akikataa, huenda asiitwe tena na yeyote. Siku 10 za kufikiri zilizotolewa mwaka 1945 zilipunguzwa mwaka baada ya mwaka, hata mwaka 1949 hospitali zikasema kwamba muda wa saa 12 ni mrefu mno.

Ndipo mwaka 1952 ulipoanza utaratibu mpya ambao, pamoja na marekebisho, ungali unatumika. Mwanafunzi huandika orodha ya hospitali kwa kadiri anavyozipenda. Hospitali huandika orodha ya wanafunzi kwa kadiri inavyowataka. Kisha ofisi moja hulinganisha orodha zote na kumpa kila mmoja nafasi yake. Hesabu iliyopendekezwa kwanza ilimdhuru mwanafunzi aliyeandika kwa ukweli hospitali aliyoitamani, iwapo hakuipata. Wanafunzi waliipinga, wakasikilizwa, nayo ikabadilishwa kabla ya kutumika. Mwaka 1962 wanahisabati wawili, David Gale na Lloyd Shapley, walieleza kanuni ya ulinganishaji wa namna hii. Baadaye Alvin Roth alionyesha kuwa ofisi ile ya madaktari ilikuwa ikifuata njia iyo hiyo bila kujua nadharia yake. Mwaka 2012 Shapley na Roth walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Utaratibu huo uliondoa haraka, walakini haukuondoa hukumu ya binadamu. Mashine yaweza kulinganisha orodha, lakini ni nani wa kuamua jina lipi litangulie? Hapo ndipo mahojiano yalipopata kiti cha mbele. Wasimamizi wa uanagenzi wakiulizwa mambo yanayowaongoza katika kupanga majina, aghalabu hutaja mahojiano na mwenendo wa mwombaji siku ile miongoni mwa yale makubwa kabisa. Alama na barua za sifa humfikisha kijana mlangoni. Mazungumzo ndiyo yamkalishayo juu au chini.

Je, mazungumzo hayo yanastahili heshima hiyo? Kisa kimoja kilichotokea mjini Houston, katika jimbo la Texas, chatupa jibu la kufikirisha. Kisa hiki kilihusu kuingia chuo cha udaktari, si uanagenzi, lakini mizani iliyotumika ni ile ile. Mwaka 1979 chuo hicho kiliwahoji waombaji wapatao 800, kikawapanga kwa daraja, kikachagua 150. Baadaye baraza la kutunga sheria la jimbo likaamuru waongezwe 50 zaidi. Kwa kuwa wakati ulikuwa umekwisha kupita, waliopatikana wengi walikuwa wa mkiani, baina ya daraja ya 700 na ya 800. Chuo kikawapokea waliokataliwa. Watafiti wakawafuata wote, na mwaka 1987 wakatangaza waliyoyaona: katika masomo, katika kupata shahada, na hata katika mwaka wa kwanza wa kazi ya hospitali, hapakuonekana tofauti ya maana baina ya waliopendwa na waliokataliwa.

Sababu si ngumu kuielewa. Anayehoji naye ni binadamu. Humpenda upesi mtu anayefanana naye, aliyesoma alikosoma yeye au anayecheka anapocheka yeye. Huona ulimi mwepesi akadhani ni akili nyepesi, na huona haya ya mgeni akadhani ni udhaifu. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Walakini tusikimbilie kusema kwamba mahojiano hayafai kabisa. Tabibu hafanyi kazi na vitabu, hufanya kazi na watu wenye maumivu; na mtihani wa karatasi hauonyeshi kama ataweza kumsikiliza mzee aliyechanganyikiwa. Tena mahojiano humpa mwombaji naye nafasi ya kuipima hospitali. Kilichohitajika ni kuitengeneza mizani, si kuitupa. Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kilifanya hivyo mwanzoni mwa karne hii. Badala ya mazungumzo marefu na wahoji wachache, mwombaji alipitishwa katika vituo 10, dakika 8 kila kituo, na katika kila kituo alikutana na mtahini mwingine na tatizo jingine. Kosa la jicho moja likasahihishwa na macho tisa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004, na njia hiyo imeenea katika nchi nyingi, hata katika kuchagua wanagenzi mahali pengine.

Basi tumejifunza nini, msomaji? Tumejifunza kwamba mahojiano yana nguvu kubwa kuliko ukweli yanaoweza kuuonyesha. Huamua mengi, na huyajua machache. Ipo siku utaketi mbele ya meza ukiulizwa maswali. Jitayarishe, sema kweli, na ukikataliwa usidhani kwamba thamani yako imekwisha kupimwa. Wakumbuke wale vijana wa Houston. Na ipo siku, pengine, utaketi upande wa pili wa meza, nawe ndiwe utakayeuliza. Siku hiyo uwaulize wote maswali yale yale, uwaite wenzako wahukumu pamoja nawe, na uitilie shaka hukumu yako hasa inapokujia upesi. Nyuma ya kila kijana unayemhoji yupo mgonjwa asiyekuwapo chumbani, naye hakuchagua. Anategemea wewe umchagulie vyema.